UZI: Rehani ya kijani, ya zambarau, kivumbasi... ipi kweli ina antioksidanti nyingi?

MamaKitalu (Muheza)

Habari za jioni wanajukwaa.

Juzi kwenye kundi letu la wauza viungo kuna mtu kaweka tangazo: unga wa rehani ya zambarau, "antioksidanti mara kumi ya rehani ya kawaida", bei mara mbili. Wateja wangu wawili wakanitumia ile picha wakiuliza kwa nini mimi sina. Mmoja akamalizia, "au wewe unatuuzia majani tu?" Nimelala na hilo neno siku mbili, ndiyo maana naanzisha uzi.

Nina kitalu, nauza miche na majani, kwa hiyo nina maslahi, msije mkasema sikusema. Lakini kabla ya kitalu nilikuwa fundi sanifu wa maabara chuoni kwa miaka sita, na kipimo hikihiki cha antioksidanti, yaani vile vitu vya kwenye mmea vinavyozima kemikali zenye vurugu zinazoharibu seli, nimekifanya mpaka vidole vikanuka methanoli. Kwa hiyo naomba nieleze "mara kumi" inatoka wapi.

Kipimo kinachotumika sana kinaitwa DPPH. Ni unga mweusimweusi, ukiuyeyusha kwenye methanoli unatoa zambarau iliyokolea, kama juisi ya zambarau zenyewe. Hiyo kemikali ni radikali huru, ina elektroni moja isiyo na mwenza, ila imetulia, haina vurugu kama radikali zinazozaliwa mwilini. Unachukua maji ya majani yako, unadondoshea. Kama majani yana kitu cha kuipa ile elektroni mwenza, zambarau inafifia, inaenda kwenye njano. Unasubiri nusu saa gizani, unaweka kwenye mashine inayopitisha mwanga wa nanomita 517, inakuambia zambarau imebaki kiasi gani. Imebaki kidogo, jani lina nguvu. Imebaki nyingi, jani halina lolote. Basi, hiyo ndiyo "nguvu ya antioksidanti" mnayoiona kwenye vifungashio.

Sasa sikieni lililonikuta. Mwaka wangu wa kwanza pale, mwanafunzi mmoja alileta rehani tatu: ya kijani ya majani mapana, ya zambarau, na kivumbasi cha nyumbani kwao. Tukapima. Ya zambarau ikatoka ya mwisho. Dhaifu kabisa. Tukarudia, ileile. Yule binti akaandika kwenye ripoti kwamba rehani ya zambarau ni pambo tu, na mimi nikamsainia karatasi.

Miezi kadhaa baadaye naosha testitubu, nikaona mabaki ya maji ya rehani ya zambarau chini ya moja, yamekaa mekundumekundu kama damu ya mzee. Nikasimama palepale kwenye sinki. Rangi ya jani lenyewe! Rehani ya zambarau ina anthosianini, ndiyo inayoipa hiyo rangi, na anthosianini inameza mwanga jirani kabisa na hapo 517. Mashine haijui hii zambarau ni ya DPPH na ile ni ya jani. Inaona rangi imebaki, inasema jani limeshindwa. Ilitupasa tuweke testitubu ya pili yenye maji ya jani na methanoli tupu, bila DPPH, tusome rangi yake, kisha tuitoe kwenye hesabu. Hatukutoa. Binti wa watu alikuwa ameshahitimu.

Kwa hiyo mtu akiniletea namba ya rehani ya zambarau, iwe ya kuipandisha au ya kuishusha, swali langu la kwanza ni: rangi mliitoa?

Naendelea chini, ngoja nikageuze maharage.

---

Kaka_Mlimani (Dar)

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mama endelea.

---

Bi_Asumini (Mombasa)

Shikamoo wakubwa, na salamu kwa wengine. Mie swali langu ni la jina kwanza. Mwasema rehani, mwasema kivumbasi, kama kitu na nduguye. Huku kwetu mrihani ni ule wa kutia kwenye kikuba, pamoja na asumini na mkadi, mtu avae aende arusini. Kivumbasi ni cha kufukizia mbu na kunusisha mtoto mwenye mafua. Hakuna aliyewahi kukitia kivumbasi kwenye kikuba, watu watakukimbia! Sasa hao wataalamu wapima kipi?

---

MamaKitalu (Muheza)

Marahaba Bi Asumini. Hapo umeshika penyewe, maana nusu ya ubishi wote wa rehani ni majina.

Mrihani wako wa kikuba ni Ocimum basilicum. Humo humo kwenye jina hilo moja ndimo imo Genovese ya Waitalia yenye jani pana, ya Thailand yenye harufu ya anisi, na hizi za zambarau. Ile yenye harufu ya limau ni chotara wa basilicum na americanum. Tulsi ya Wahindi, ile wanayoipanda uani na kuiheshimu, ni mmea mwingine, Ocimum tenuiflorum. Na kivumbasi ndiyo balaa: kuna mahali wanamaanisha kijimmea kifupi cha americanum, kuna mahali wanamaanisha kile kirefu kinachopita kiuno, Ocimum gratissimum, ambacho vitabu vya zamani viliita suave. Mimi hapa kitaluni nikisema kivumbasi namaanisha hicho kirefu.

Harufu ndiyo kitambulisho, na harufu ndiyo inayokuambia kemia. Chuma jani la kivumbasi kirefu, lisugue kwenye kiganja, unuse. Karafuu. Si mfano wa karafuu, ni karafuu yenyewe: eujenoli, kilekile kinachojaa kwenye mafuta ya karafuu za Pemba. Gratissimum nyingi za Afrika Mashariki ni za eujenoli. Za Afrika Magharibi nyingi zina thimoli, zinanuka dawa zaidi. Sasa eujenoli ni fenoli, ina hidrojeni ya kuipa DPPH pamoja na ile elektroni inayoikosa, kwa hiyo mafuta ya kivumbasi yakidondoshewa DPPH yanaifuta vizuri sana. Mrihani wako unanukia hivyo kwa sababu ya linaloli, na linaloli ni tamu puani lakini kwenye kipimo hiki haifanyi la maana.

Kwa hiyo ukipima *mafuta*, kivumbasi kinawaburuza wote.

Ila watu hawanywi mafuta. Wanakula jani na wanakunywa chai. Na kwenye jani na chai kazi kubwa inafanywa na kitu kisichonuka kabisa: asidi ya rosmariniki. Jina limetoka kwa rozmari, ilikotolewa na Waitalia wawili mwaka 1958, lakini ukoo mzima wa rehani, minti na mrujuani unayo. Inayeyuka kwenye maji. Nyuma yake kuna asidi ya chikoriki, halafu kafeiki na wenzake. Zambarau ina hizo zote *pamoja* na anthosianini juu yake.

---

Mzee_wa_Pointi (Dodoma)

> Zambarau ina hizo zote pamoja na anthosianini juu yake.

Basi muuzaji yuko sahihi, tufunge uzi twende tukanunue. Kijani ina A, zambarau ina A na B. Hesabu ya darasa la pili.

---

MamaKitalu (Muheza)

Mkuu, ingekuwa hivyo kama A ya huyu ingelingana na A ya yule. Hailingani.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue, Phippen na Simon, walizichambua anthosianini za rehani za zambarau wakakuta 14, nyingi zikiwa za jamii ya sianidini. Kwa hiyo B ipo, sibishi. Lakini mwaka 2011 kule Texas walilinganisha aina 15 za basilicum, zote zimepandwa pamoja, na tofauti ya polifenoli, yaani hizo asidi na wenzake kwa jumla, kati ya aina na aina ilikuwa kubwa kweli. "Kijani" si aina moja, na "zambarau" si aina moja. Ni sawa na kusema mbuzi weusi wanatoa maziwa zaidi.

Halafu kuna hili ambalo sisi wakulima halitupendezi. Mwaka 2008 Nguyen na Niemeyer walipanda rehani, zikiwemo Dark Opal ya zambarau na ya Thailand, wakazipa naitrojeni kwa viwango tofauti. Zilizonyimwa ndizo zilizokuwa na asidi ya rosmariniki nyingi zaidi. Mmea ukishiba urea unatengeneza majani, ukibanwa unatengeneza kinga. Mimi nilikuwa najisifu kwa majani mapana kama sikio la ng'ombe, kumbe nauza maji. Jua nalo ni hivyohivyo: mche wa kivulini ni laini na mzuri, wa juani ni mgumu na umejaa.

Kwa hiyo mche wa kijani uliopandwa juani kwenye udongo wa kawaida unaweza kuushinda wa zambarau uliolelewa kivulini kwa mbolea. "Mara kumi" ya nani na nani?

---

Ssalongo_K (Kampala)

Habari ndugu zangu. Hapa Uganda hicho kirefu chenu ni mujaaja. Tunaweka kwenye chai tangu kwa bibi, hata hotelini unakuta. Kaka yangu aliyeko Kigali anasema huko ni umwenya. Sasa swali: ninyi mnasema mafuta ya karafuu ndiyo nguvu yake. Mimi mke wangu anachemsha mujaaja dakika ishirini, nyumba nzima inanukia. Ile harufu ikiwa nyumba nzima, kwenye kikombe kimebaki nini?

---

MamaKitalu (Muheza)

Ssalongo hongera kwa mapacha (jina hilo kwa Waganda ni la baba wa mapacha), na umeuliza swali zuri kuliko mwenye tangazo. Harufu unayoisikia sebuleni ni ile iliyokukimbia jikoni. Eujenoli inapanda na mvuke. Funika sufuria! Chemsha maji, epua, tia majani, funika, dakika tano hadi kumi. Ukifunua utaona matone upande wa ndani wa mfuniko, yarudishe kikombeni, humo ndimo imo karafuu yako. Asidi ya rosmariniki haipandi na mvuke, inabaki kwenye maji, kwa hiyo hata huyo wa dakika ishirini hajapoteza yote.

---

Fundi_Umwagiliaji (Moshi)

Nachomekea kidogo. Kuna kingine mmekisahau na ni cha kwetu: Ocimum kilimandscharicum. Jina tu linajieleza. Kinanuka kafuri. Kule Kakamega nchini Kenya wakulima wa kando ya msitu wanakilima, wanakamua mafuta, wanatengeneza dawa ya kuchua inayoitwa Naturub.

Na kuna kisa nakipenda. Mwaka 1983 huko Athens, Ohio, mwenye kitalu aitwaye Peter Borchard aliona mche mgeni umejiotea: mmea huu wa Kilimanjaro ulikuwa karibu na Dark Opal ya zambarau, nyuki wakafanya yao. Leo huyo chotara anaitwa African Blue na amejaa kwenye bustani za Wamarekani. Hatoi mbegu zinazoota, wanamkata vipandikizi tu. Kwa hiyo kila African Blue duniani ni kipande cha mche uleule.

MamaKitalu, kafuri ina antioksidanti?

---

MamaKitalu (Muheza)

Kafuri yenyewe kwenye DPPH ni kama linaloli, inapiga kelele puani na haifanyi kazi. Jani lake lina polifenoli za ukoo kama wengine, ila nani atalila? Chungu. Mbu ndiyo wanaolijua vizuri. Majaribio yamefanyika hapahapa kaskazini mashariki mwa Tanzania, kufukiza kilimandscharicum na kivumbasi, na mbu kweli walipungua ndani. Kila mmea na kazi yake. (Huyo African Blue natafuta kipandikizi mwaka wa tatu huu. Mwenye nacho anitafute pembeni.)

---

Mzee_wa_Pointi (Dodoma)

Narudi. Tuseme tumekubaliana nani ana nyingi. Halafu? Nikinywa, ndani ya mwili inafuta radikali kama kwenye hiyo testitubu?

---

MamaKitalu (Muheza)

Mzee, sasa umeuliza.

Hapana. Yaani, si hivyo. Testitubu haina tumbo, haina ini. Asidi ya rosmariniki inayofika kwenye damu ikiwa nzima ni kidogo, sehemu kubwa inavunjwavunjwa na bakteria wa utumbo mpana kwanza. Hata Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali maarufu la kupanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti, kipimo cha ORAC, na mwaka 2012 ikaliondoa kwenye tovuti yake, kwa sababu wauzaji walikuwa wanalitumia kutangazia bidhaa na namba zile hazionyeshi kinachotokea mwilini. Ile lugha ya "mara kumi" ni mjukuu wa jedwali hilo.

Na kuna la kutisha zaidi. Finland walichukua wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa vidonge vya betakarotini, antioksidanti inayojulikana. Matokeo yakatoka 1994: waliokunywa betakarotini walipata saratani ya mapafu *zaidi*, kwa asilimia 18. Si kwamba karoti ni sumu. Ni kwamba kitu kikitolewa kwenye chakula kikakamuliwa kuwa kidonge kinaweza kufanya mengine.

Mimi rehani nakula, nauza, nanusa. Lakini siuzi tiba.

---

Nesi_Zuhura (Tanga)

Asante dada kwa kusema hilo. Naongeza la wodini. Kuna mzee tuliyempokea, anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, vipimo vyake vinapanda vinashuka hatuelewi. Kumbe binti yake anamkorogea kijiko cha unga wa majani asubuhi, wiki nyingine umeisha, wiki nyingine umerudi. Rehani mbichi ina takriban mikrogramu 415 za vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda, kwa gramu 100, na ikikauka, kwa uzito uleule, inazidi mara nne. Majani matatu juu ya pilau si kitu. Kijiko cha unga kila siku ni kitu, na kinachovuruga zaidi ni kule kuanza na kuacha. Mwenye mgonjwa wa warfarini amwambie daktari.

Na wajawazito wenye damu pungufu: chai za namna hii, kama chai ya majani ya kawaida, zinazuia madini ya chuma ya mboga na maharage yasifyonzwe. Kunyweni mbali na mlo.

---

Bi_Asumini (Mombasa)

Na huu wa harufu ya anisi je? Jirani yangu kaoleka Komoro, kaja na mbegu, mrihani wanuka kama peremende.

---

MamaKitalu (Muheza)

Huo wa Komoro ni maarufu kwa mafuta, na harufu hiyo ni estragoli, tena nyingi. Kamati ya sayansi ya chakula ya Umoja wa Ulaya ilihitimisha mwaka 2001 kuwa inadhuru vinasaba na inaweza kuleta saratani. Kutia majani kwenye mchuzi sioni tatizo, ila *mafuta* yake yaliyokamuliwa msinywe, hata tone. Kwenye kikuba ruksa, Bi Asumini.

---

Kaka_Mlimani (Dar)

Mimi nilinunua ile ya zambarau wiki iliyopita pale Kisutu, mbichi. Ukaanikaje isiharibike? Niliweka kwenye friji ikawa nyeusi usiku mmoja.

---

MamaKitalu (Muheza)

Rehani na friji ni maadui, chini ya nyuzi kumi hivi inaungua kwa baridi. Iweke kwenye glasi ya maji juu ya meza kama maua. Kuanika: kivulini, kwenye upepo, majani yasilaliane. Juani rangi inakufa, na chikoriki haipendi kukaushwa hata kwa upole, ndiyo maana mimi huo unga wa bei mara mbili nauangalia kwa jicho moja.

Na kama unayo bado mbichi, jaribu hili, ni maabara ya bure. Tia majani kumi kwenye kikombe cha maji ya moto, funika. Yatatoka maji ya rangi isiyoeleweka, kama maji ya kuoshea sufuria. Usikate tamaa. Kamulia ndimu.

---

Kaka_Mlimani (Dar)

Nimefanya sasa hivi. Yamegeuka waridi mbele ya macho yangu!! Wanangu wamepiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta. Ni nini hiyo?

---

MamaKitalu (Muheza)

Anthosianini yenyewe, ndiyo ile iliyonidanganya maabara. Kwenye asidi inawaka waridi, kwenye magadi inaenda bluu na kijani. Kikombe kingine tia punje ya magadi soda uone, ila hicho usinywe.

---

Kaka_Mlimani (Dar)

Cha magadi kimekuwa kijani kama maji ya bwawa. Cha waridi nilikuwa nataka kupiga picha niwawekee hapa, nageuka kuchukua simu, wameshakimaliza, na sasa wanagombania ndimu iliyobaki.